Kabla ya kushika jembe, tazama zao linavyolala

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, chuchumaa katikati ya mistari uangalie chini. Pale udongo unapopigwa na jua ndipo palizi ijayo itakapokuwa. Penye kivuli, mbegu nyingi za magugu huendelea kulala. Hapa kwangu Misungwi, mkoani Mwanza, naanza hivyo kila msimu, ndipo nitafute vibarua.

Mabingwa wa kufunika udongo ni viazi vitamu. Panda marando juu ya tuta, sentimita 30 shina hadi shina, palilia wiki ya tatu au ya nne. Marando yakishakutana mferejini, kazi imebaki ya kung'oa kwa mkono gugu mojamoja lililochomoza. Ila tuta lisiwe na gugu la ndago siku ya kupanda. Ndago haipendi kivuli, lakini ikiwahi, ncha zake hutoboa kiazi chenyewe. Mwaka juzi nilikaa kukata michembe, vile vipande vya viazi vya kukausha, nikakuta matundu yamepita huku yakatokea kule, kama ya msumari. Debe zima likaishia kwa mbuzi.

Kunde chagua zinazotambaa. Zinazosimama wima ni rahisi kuvuna, sikatai, ila huacha njia wazi, hivyo zisogeze karibukaribu. Karanga ni hivyohivyo. Na zikishaanza kushusha vijiti vyake ardhini baada ya maua, jembe likae nyumbani, tumia mkono.

Muhogo ndio unaodanganya watu. Kwa vile baadaye ni mti, tunadhani unajitegemea, kumbe miezi mitatu ya kwanza ni vijiti tu, mita moja kwa mita moja, na katikati ni uwanja wa ukoka. Jaza nafasi hiyo kwa karanga au kunde. Mbegu ya muhogo inayotawanya matawi chini hufunika mapema kuliko inayonyooka kama mlingoti.

Mahindi palilia kabla hayajakufika magotini. Kiduha sasa, lile gugu la mahindi, hicho usikitegee kivuli: kinanyonya mizizi kabla hata hujakiona. King'oe kabla hakijatoa mbegu, na msimu unaofuata weka pamba. Mbegu za kiduha huota kwa kudanganywa na mizizi ya pamba, zikakosa pa kunyonya, zikafa.

Shemeji yangu analima vitunguu kule ufukweni mwa ziwa, anamwagilia kwa pampu. Jani la kitunguu ni mrija, halifuniki kitu mpaka siku ya kuvuna, kwa hiyo yeye anapalilia kwa vidole, mara tatu, mara nne. Akinipigia asubuhi na mapema sijiulizi anataka nini. Namwuliza tu vibarua wangapi.