Kabla jina lako halijaitwa: maandalizi ya mwalimu anayetaka kwenda mafunzoni

Ijumaa saa tisa alasiri ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la kata. Walimu wa darasa la tano wanaotaka kuhudhuria mafunzo walete vivuli vya vyeti na barua ya kuthibitishwa kazini kwa Afisa Elimu Kata, mwisho Jumatatu saa nne asubuhi. Ukiwa Tukuyu mjini au Uyole, unavuka barabara tu, steshenari ipo. Ukiwa shule ya juu mlimani Rungwe au Makete, mashine ya kutoa kopi ni safari ya bodaboda, tena kwa matope, na Jumapili mwenye duka yuko kanisani. Nimefundisha shule za msingi za huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kwa miaka mingi, na nafasi nyingi nilizoona zikiwapita walimu hazikuwapita kwa kukosa sifa. Ziliwapita kwa sababu ya karatasi ambazo zilikuwepo, ila hazikuwa mkononi siku zilipotakiwa.

Kwa hiyo anza na bahasha. Weka cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na sita, cheti cha ualimu pamoja na matokeo yake, barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya mwisho ya kupanda cheo, hati ya mshahara ya karibuni na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Toa vivuli vitatu vya kila kimoja, kisha uskani vyote na kuvihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe. Simu huibiwa, na huku kwetu hulowa. Vivuli vikihitaji kuthibitishwa na wakili au hakimu, fanya hivyo siku unayoshuka mjini kwa shughuli nyingine.

Halafu kuna jina. Mwenzangu mmoja, tunakaa meza moja ofisini, aliwahi kutandaza vyeti vyake vyote juu ya rundo la madaftari tuliyokuwa tunasahihisha. Cha kidato cha nne kinasomeka Tusajigwe. Cha ualimu, Tusajigwa. Kitambulisho cha taifa kina jina la tatu ambalo halimo kwenye cheti chochote. Nikamuuliza, "Dada, hati ya kiapo ya jina unayo?" Akanijibu, "Hiyo nilijua ni ya wakati wa kustaafu, mwalimu." Fomu aliyokuwa anaijaza ilifungwa wiki ile ile. Tangu hapo namwambia kila mwalimu mpya anayeripoti kwetu: panga vyeti vyako mstari mmoja, soma majina herufi kwa herufi, na ukiona tofauti nenda kwa wakili au hakimu ukaape mapema. Tofauti ikiwa kubwa, muulize afisa utumishi kama itatakiwa hati iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hilo haliishi kwa siku mbili.

Kumbuka pia kwamba mwalimu ana majalada mawili. Moja liko kwa mwajiri, yaani halmashauri. Lingine liko ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na ndiyo inayoshughulikia kuthibitishwa, kupandishwa vyeo na nidhamu. Cheti kipya kikipelekwa upande mmoja tu, upande wa pili hauna habari nacho. Peleka kote, na kote baki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa masijala. Nakala hiyo ndiyo inayokulinda siku utakapoambiwa barua yako haionekani.

Sasa tuje kwenye sera, maana mafunzo hayaitishwi ovyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ilizinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, lakini mtaala ulioboreshwa tayari ulikuwa umeingia madarasani Januari 2024, kwa kuanzia na awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, ikifika mpaka kidato cha nne. Hebu hesabu. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu 2024 anafika la sita 2027. Aliyekuwa la nne 2024, wa mtaala wa zamani, anafika la saba mwaka huo huo wa 2027. Makundi mawili yanamaliza pamoja, na yote yanatakiwa kupokelewa kidato cha kwanza 2028. Mwalimu anayejua hesabu hii anaelewa mapema walimu wa ngazi ipi na masomo yapi watatakiwa. Historia ya Tanzania na Maadili ni somo ambalo wengi wetu hatukufundishwa kulifundisha tulipokuwa chuoni. Kiingereza sasa kinaanza darasa la kwanza. Sekondari kuna mkondo wa amali, yaani wa ufundi, unaohitaji watu wa fani. Soma mtaala na muhtasari wa ngazi yako, vyote vya Taasisi ya Elimu Tanzania, kabla ya semina. Anayekwenda akiwa ameusoma anauliza maswali yenye maana. Asiyeusoma anaandika mpaka mkono unauma na kurudi na daftari asilolielewa.

Mafunzo yaliyo karibu zaidi na mwalimu ni yale yanayodharauliwa kuliko yote: MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Kiini chake ni jumuiya ya ujifunzaji hapo hapo shuleni. Walimu wanakaa, wanachagua mada inayowasumbua, wanaijadili, mmoja anaifundisha darasani huku wenzake wakimwangalia, kisha wanarudi kuzungumza. Vikao vyetu vingine vimekuwa vya kusaini mahudhurio na kuondoka, na jambo hilo linaniumiza. Niliwahi kukaa kikao cha saa moja na nusu juu ya kutoa kwa kukopa. Mwalimu wa darasa la pili alileta vijiti vya mianzi vilivyofungwa kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Akafungua fungu moja mbele yetu, akavihesabu vijiti kumi na kuviweka upande wa mamoja, akasema, "Sasa hapa ndipo tumekopa." Nimefundisha kukopa kwa njia hiyo tangu siku ile. Kwa hiyo weka daftari la MEWAKA: tarehe, mada, ulichojaribu, kilichotokea darasani. Ukitafutwa mwezeshaji wa kata, daftari hilo linakuombea kuliko maneno.

Taasisi ya Elimu ina mfumo wa kozi kwa njia ya mtandao na maktaba yenye vitabu vya kiada. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na kwenye shule nyingine vingi vimelala kabatini. Omba cha kwako, kichaji, pakua vitabu ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha usome nyumbani bila kutumia bando.

Masomo marefu yana mtego wake, nami nitakaa hapa kidogo. Mwalimu wa cheti anaanzia ngazi ya mshahara TGTS B, wa stashahada TGTS C, wa shahada TGTS D. Ni haki kutamani kupanda. Tena huku hatuna haja ya kwenda Dar es Salaam: chuo kikuu kishiriki cha elimu cha Mkwawa kiko Iringa, Chuo Kikuu Huria kina vituo Mbeya na Iringa, na kwa anayetaka uongozi wa shule ADEM, wakala wa uongozi wa elimu wa Bagamoyo, ina kampasi Mbeya. Kosa kubwa ni kuanza kusoma kimyakimya wakati wa likizo, bila ruhusa ya maandishi, ukitegemea kwamba cheti kitajieleza. Namfahamu mwalimu aliyerudi na shahada safi kabisa. Alipoomba kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa ngazi ya shahada, aliulizwa swali moja tu: barua ya ruhusa iko wapi? Hakuwa nayo. Alikaa miaka akifundisha kwa elimu ya shahada na kulipwa mshahara wa stashahada, huku ada aliyolipa ilitokana na mkopo wa benki uliokuwa bado unakatwa.

Kwa hiyo ruhusa itangulie ada. Hakikisha umethibitishwa kazini, kwa sababu mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Angalia kama chuo kinatambuliwa na TCU, yaani tume ya vyuo vikuu, au NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa ngazi ya stashahada. Chagua kozi inayoendana na kada yako na masomo unayofundisha. Andika barua kwa mkurugenzi ukipitia kwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata na afisa elimu wa wilaya, na uombe jina lako liingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Barua inayofika Juni imechelewa, hivyo mimi hushauri ifike kabla ya shule kufungwa Desemba.

PEPMIS nayo, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, usiisahau. Jaza malengo yako kwa wakati na uhakikishe msimamizi wako ameidhinisha, kwa sababu tathmini yenye mapengo huibuka siku ya kupanda cheo.

Fedha: beba nauli yako ya kwenda na kurudi pamoja na ya kula siku tatu, hata kama tangazo linasema posho ipo. Posho huja, lakini mara nyingi huja siku ya mwisho. Ukienda Makete au Njombe Juni na Julai, beba koti na blanketi la ziada.

Na darasa lako. Jumatano usiku kabla ya safari mimi huandika kwenye karatasi moja tulipoishia kila somo, watoto wanaohitaji kukaa mbele, anayekuja bila kula na yule asiyesikia vizuri sikio la kushoto. Naiweka ndani ya andalio la somo na kumkabidhi mwenzangu mkononi, funguo za kabati zikiwa juu yake.