Kutuliza setilaiti inayozunguka ovyo: jaribu mezani kwako

1KUNS-PF, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kisanduku chenye upana wa sentimita 10, kilitolewa kwenye kituo cha anga cha kimataifa Mei 2018. Kisanduku cha aina hiyo kikiachiliwa, huwa kinabiringika, na huko juu hakuna pa kushika ila sumaku ya dunia. Hivi ndivyo unavyoishika.

1. Suka koili, yaani mzingo wa waya unaogeuka sumaku umeme ukipita, na sumaku ya dunia huisukuma. Tafuta waya wa shaba wenye vanishi, ule wa mafundi wa kusuka mota, uzungushe mara 300 kwenye fremu ya mraba ya sentimita 8. Ukipitisha ampia 0.1, nguvu ya kuzungusha haifiki mikronewton-mita 7. Pumzi yako inaishinda, kwa hiyo funga madirisha.

2. Isimamishe wima ndani ya sanduku litakaloigiza setilaiti. Hapa Nairobi sumaku ya dunia, kama mikrotesla 33, imeinama kama nyuzi 25 tu kutoka usawa wa ardhi. London inazama kwa zaidi ya nyuzi 60, hili tumebahatika.

3. Sawazisha sensa ya sumaku, kifaa cha kupima sumaku ya dunia ndani ya sanduku. Igeuze pande zote huku ukirekodi. Nukta zitaunda tufe, na kitovu chake kisipokuwa sifuri, toa tofauti hiyo kwenye kila kipimo. Tumia stuli ya mbao. Simu weka chumba kingine.

4. Programu ni fupi: soma sensa, soma tena, kisha washa koili kwa mwelekeo unaopinga badiliko. Hapa ndipo nilipopoteza wikendi mbili. Sanduku lilikuwa linaongeza kasi! Kumbe nilikuwa nasoma sensa koili ikiwa imewaka, na kwa umbali wa sentimita 5 koili hiyo huizidi dunia mara kadhaa. Izime kwanza, subiri milisekunde kadhaa, ndipo usome.

5. Lining'inize kwa uzi wa kuvulia wa milimita 0.15, urefu mita 2, ulizungushe mara moja kwa sekunde 20. Kwanza koili ikiwa imezimwa, uone uzi na hewa vinakula kiasi gani. Kisha iwashe: kwa sanduku la kilo moja, hesabu yangu inatoa dakika 2 na ushei.

Angani utahitaji koili tatu, na hata hizo haziwezi kuzungusha chochote kuuzunguka mstari wa sumaku wenyewe. Unangoja setilaiti isogee kwenye mzingo wake wa kama dakika 90 ndipo mstari ubadilike. Kamera ikitaka kulenga shamba moja pale Mwea, ongeza magurudumu ya mota: gurudumu likizunguka huku, setilaiti hugeuka kule. Yakifikia kasi ya mwisho, koili hizohizo ndizo zitakazoyapunguza.