Somo: Jitengenezee pedali ya fazi yenye swichi ya sauti ya kati

Haya wakuu, leo fazi. Sio ovadraivu (ile ya kukwaruza kidogo tu), fazi yenyewe, ile gitaa inanguruma na kukwaruza mpaka jirani anagonga ukuta. Waliosikiliza bendi za Zamrock za Zambia miaka ya 1970, kina WITCH, Amanaz na Ngozi Family, wanaijua vizuri. Na ndani ya kile kiboksi hamna maajabu yoyote, ni transista mbili tatu, rezista za kuhesabu na kapasita kadhaa, kama umewahi kubadilisha jeki ya gitaa mwenyewe basi hii unaiweza.

Ila kabla hujawasha chuma cha kulehemu nisikilize hapa kwanza. Watu wanahangaika sana na transista, eti lazima ziwe zile za zamani za germanium, hela yote inaishia huko, wakati kinachoamua kama solo lako litasikika au litamezwa na bendi ni kile kinachokuja BAADA ya transista, yaani saketi ya toni. Fazi ukiipiga peke yako chumbani kila mtu anaipenda, ngoja sasa aingie mpiga besi, kinanda, na gitaa la rizim, ndo utajua kama ulijenga pedali au ulijenga mapambo. Na muziki wetu wa dansi magitaa ni mengi, solo, rizim, na kama mnapiga kikongo kuna mi-solo pia (gitaa la tatu, kati ya solo na rizim), wote wanagombania sauti ya kati, ile iliyo kati ya besi na trebo. Kwa hiyo hii ya leo ina swichi, upande mmoja inaipunguza ile ya kati, upande mwingine inaisukuma mbele.

Nimechanganya pedali mbili za zamani. Mbele ni Fuzz Face, ilitokea Uingereza mwaka 1966, nyuma ni toni na transista ya mwisho kutoka Big Muff ya Electro-Harmonix ya New York. Namba zimebadilishwa, nitaeleza kwa nini. Nikiandika p ni pikofaradi, n ni nanofaradi, u ni mikrofaradi, k ni kilo-omu, M ni mega-omu. Q1, Q2 na Q3 ni zile transista tatu, kila moja ina miguu mitatu: kolekta, beisi na emita. Athi ni upande wa hasi wa umeme.

Hatua ya 1: vifaa

Transista 3 za BC547 (BC549 au 2N3904 pia sawa). Rezista: 1M, 390k, 100k mbili, 33k, 22k mbili, 10k, 4.7k, 2.7k, 1k, na moja ya omu 100. Kapasita: 100u, 22u, 2.2u, 1u, 100n mbili, 22n, 15n, 4.7n, 3.9n. Poti (rezista ya kuzungusha) 1k ya fazi, 100k ya mstari kwa toni, 100k ya logi kwa volyumu, na poti ndogo ya bisibisi ya 10k. Diodi 1N5817, taa ya LED, swichi ya mguu yenye miguu tisa, swichi ndogo ya kidole yenye miguu sita, jeki mbili, tundu la adapta, verobodi (bodi yenye matundu ya kulehemu). Nairobi utavipata Luthuli Avenue, Dar zunguka Kariakoo kwa wauza spea za redio. Kapasita ndogo za 3.9n wakati mwingine hazipo, weka 3.3n, dunia haitaanguka.

Boksi liwe la chuma au alumini. La plastiki hapana, sababu utaiona kwenye maswali huko chini.

Hatua ya 2: fazi yenyewe

Jenga kwanza kwenye bredibodi (bodi ya kuchomeka vifaa bila kulehemu), usikimbilie kulehemu.

Gitaa linaingia, 1M kutoka hapo kwenda athi (hii inazuia ule mlio wa "pop" ukikanyaga swichi), halafu 2.2u kwenda beisi ya Q1, upande chanya wa kapasita uangalie beisi. Emita ya Q1 athi moja kwa moja. Kolekta ya Q1 inapanda kwenye volti 9 kupitia 33k, na hiyo hiyo kolekta inaungwa na beisi ya Q2 bila kitu chochote katikati. Emita ya Q2 inashuka athi kupitia poti ya 1k, zile ncha mbili za pembeni, na mguu wa kati wa hiyo poti unaenda athi kupitia 22u. Toka emita ya Q2 rudisha 100k mpaka beisi ya Q1. Hiyo 100k ndo inayofanya transista mbili zishikane na kutulizana, ukiisahau hupati kitu cha maana.

Kolekta ya Q2 sasa: toka volti 9 weka 1k, kisha poti ya bisibisi, kisha kolekta. Sauti tunaichukua pale 1k inapokutana na poti ya bisibisi, sio kwenye kolekta yenyewe. Fuzz Face nayo inachukua hapo kati ila ile rezista ya juu ni ndogo zaidi, nimeikuza ili tupate sauti kubwa kidogo maana toni itakula. Na ule mkutano una upinzani mdogo, hauji kuvuruga hesabu za toni.

Angalia miguu vizuri: BC547 uso bapa ukikutazama, kushoto kwenda kulia ni kolekta, beisi, emita. 2N3904 ni kinyume, emita, beisi, kolekta.

Hatua ya 3: kupima

Washa, weka mita kwenye volti, waya mweusi athi, mwekundu kolekta ya Q2, na gitaa lisipigwe. Zungusha poti ya bisibisi taratibu mpaka usome 4.5 hivi. Kolekta ya Q1 yenyewe itakaa kama 1.3 mpaka 1.5, hiyo iache. Sasa piga noti moja ndefu kwenye waya wa tatu na uiache ife yenyewe huku bisibisi iko mkononi, sogeza kidogo kushoto, piga tena, sogeza kulia, piga tena. Utasikia kuna mahali noti inakufa kwa ulaini, na kuna mahali inakatikakatika mwishoni kama redio ya betri zilizochoka. Wengine wanaupenda huo mkatiko, hamna sheria, 4.5 ni pa kuanzia tu, sikio ndo linamaliza.

Hatua ya 4: toni, hapa ndo penyewe

Saketi ya Big Muff ni njia mbili. Njia ya kwanza inapitisha besi, rezista kisha kapasita ya kwenda athi. Ya pili inapitisha trebo, kapasita kisha rezista ya kwenda athi. Poti ya toni inakaa katikati ya hizo mbili na wewe unachagua unataka ngapi ya huku na ngapi ya kule.

Kujua njia inakatia wapi chukua 159,000 ugawe kwa (rezista kwa k mara kapasita kwa n), jibu ni hezi (mitetemo kwa sekunde). Toleo la Big Muff linalojulikana sana lina 39k na 10n upande wa besi, 39 mara 10 ni 390, jibu 408. Upande wa trebo 22k na 3.9n, jibu kama 1,850. Umeona hapo? Besi inaishia 408, trebo inaanza 1,850, katikati kuna shimo, na kitako chake kiko karibu na hezi 900 mpaka 1,000. Noti ya juu kabisa ya gitaa lenye freti 22 ni kama hezi 1,175. Yaani ukipanda juu kupiga solo unaingia shimoni mwenyewe, halafu unamlaumu fundi mitambo.

Sisi tunafanya hivi. Toka ule mkutano weka 1u, chanya iangalie saketi ya fazi. Fuzz Face ya zamani ina 10n hapo kwa sababu mbele yake kuna volyumu ya 500k, ukiiacha hiyo 10n mbele ya toni yetu besi yote inabaki nje na utasema saketi mbovu.

Baada ya 1u gawanya mara mbili. Njia ya besi: 22k, kisha mguu wa kati wa upande mmoja wa swichi ndogo, kutoka swichi kuna 22n kwenda athi au 4.7n kwenda athi. Njia ya trebo: mguu wa kati wa upande wa pili, swichi inachagua 3.9n au 15n, zote zinakutana mbele na 22k ya kwenda athi. Panga 22n iwe upande mmoja na 3.9n, na 4.7n iwe na 15n. Poti ya toni: ncha moja pale 22k ya besi inapokutana na swichi, ncha nyingine pale kapasita za trebo zinapokutana na 22k yake.

Piga hesabu. Upande wa kwanza besi inakata 329, trebo inaanza 1,850, shimo pana, nzuri kwa makodi mazito ya roki. Upande wa pili besi inakwenda mpaka 1,538 na trebo inaanza 482, zinapishana, kwa hiyo sauti ya kati inavimba. Huo ndo upande wa solo. Ukitaka bapa kabisa weka 10n pande zote mbili, zote zinakutana 723.

Hatua ya 5: kurudisha nguvu

Toni imekula sauti, Q3 inairudisha. Mguu wa kati wa poti ya toni, 100n, beisi ya Q3. Beisi ina 390k kwenda volti 9 na 100k kwenda athi. Kolekta 10k kwenda volti 9, emita 2.7k kwenda athi. Kutoka kolekta 100n, volyumu, jeki ya kutokea. Pima kolekta, ikiwa karibu 4.4 umemaliza. Inakuza kama mara 3.7, inatosha kabisa.

Hatua ya 6: umeme na boksi

Adapta ya volti 9 yenye hasi katikati, diodi kwa mfululizo, kisha omu 100, kisha 100u kwenda athi. Taa ipitie 4.7k. Yaliyobaki ni kutoboa na kulehemu, fanya jeki kwanza, transista mwisho, usikawize moto kwenye miguu yake.

MASWALI

rizim_wa_tandale: Mkuu nimejenga, bado iko kwenye bredibodi wazi mezani, inanguruma vizuri ila usiku inashika redio, kuna stesheni ya mahubiri inaingia kabisa, jamaa wa bendi wanacheka.

Jibu: Hahaha hubarikiwi tu, unapewa na bure. BC547 zina ukuzaji mkubwa na waya mrefu wa kuingilia unakuwa antena. Weka kapasita ya 100p kati ya kolekta na beisi ya Q1, fupisha waya wa jeki ya kuingilia, na hakikisha boksi la chuma limeungwa na athi. Umesema uko kwenye bredibodi wazi mezani? Basi nusu ya tatizo ndo hiyo.

besi_nzito: Mwalimu naweza kuitumia kwenye gitaa la besi? Nataka nichanganye na sauti safi isipotee chini.

Jibu: Inapiga, 2.2u inapitisha besi yote, weka swichi upande wa shimo na toni upande wa besi. Kuchanganya na safi ndo kuna mtego: kila transista hapa inapindua wimbi, ziko tatu, kwa hiyo linatoka limepinduka. Ukilijumlisha na la safi zinauana hasa huko chini, unapata sauti nyembamba kuliko ulivyoanza. Inabidi upande wa safi nao upite kwenye transista moja iliyofungwa kama Q3, na emita na kolekta zote 4.7k ili isikuze.

dada_wa_strato: Kaka, nina wawa na pedali ya kyuna (ya kupimia nyuzi) mbele ya fazi, nikishusha volyumu ya gitaa haisafiki kama watu wanavyosema fazi hizi zinasafika. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea kitu dada, ni mpangilio. Mlango wa Q1 una upinzani mdogo na unataka kuongea na pikapu moja kwa moja. Kyuna nyingi zina bafa ndani (saketi ndogo inayoimarisha sauti ya gitaa kabla ya kuipitisha), ikikaa katikati fazi hailioni tena gitaa. Ipeleke kyuna baada ya fazi. Wawa jaribu pande zote mbili, mimi naipenda baada.

fundi_mkongwe: Vijana, sisi tulitumia germanium na zilikuwa tamu. Hizi silikoni, kina BC547, zinachoma masikio.

Jibu: Shikamoo mzee. Tamu kweli, ila joto la Dar unalijua, germanium inavuja umeme na ikipata joto vipimo vinahama, asubuhi 4.5, mchana jukwaani kitu kingine. Na nyingi za zamani ni PNP, chanya ndo inakuwa athi, hauwezi kuzichomeka adapta moja na pedali zingine. Silikoni ikichoma, toni upande wa besi kidogo na ile 100p ya juu inasaidia.

rizim_wa_tandale: Nimeweka 100p na mkebe wa bati, mahubiri yamekwisha. Sasa betri itakaa muda gani?

Jibu: Saketi nzima na taa inakula kama miliampea 3 tu, itakaa sana. Ila tumia jeki ya stereo kwenye kuingilia, hasi ya betri iende kwenye ule mguu wa kati, ukichomoa gitaa inajizima. Ukiacha kebo imechomekwa inaendelea kula hata kama umezima kwa mguu.