Kutumia neno "commiseratingly" bila kuharibu sentensi

Neno hili la Kiingereza ni adimu, na makazi yake ni masimulizi. Huonyesha kwamba anayetenda anashiriki uchungu wa mwenzake. Mzizi wake ni wa Kilatini: "com-", yaani pamoja, na "miserari", kusikitika.

Liweke baada ya kitendo cha mwili au cha kusema: kutikisa kichwa, kutabasamu, kunong'ona. Tuseme treni ya Kigoma imechelewa saa 6, abiria analalamika stesheni ya Tabora, na mama muuza karanga anamsikiliza. Andika: "She shook her head commiseratingly." Kwa Kiswahili: mama akatikisa kichwa kwa kumpa pole. Lakini kama mama huyo tayari amesema, "Pole sana, mwanangu," lifute. Pole imeshamaliza kazi, na silabi zote zile zinabaki mzigo tu.

Tahajia huwaponza wengi: m ni mbili, s ni moja. Usilibadilishe na "pityingly", ambalo mara nyingi humtazama mtu kutoka juu. Na kwenye barua ya rambirambi lisionekane kabisa. Linaeleza jinsi mtu anavyofariji, lenyewe halimfariji mfiwa.