Mikoriza kwenye shimo la mti: lazima iguse mzizi

Luseni, ule udongo wa kichanga wa vilima vya Usukuma, una fosforasi kidogo na haushiki maji. Fosforasi haitembei udongoni. Mzizi ukishamaliza iliyo jirani, hauna pengine pa kuipata. Mikoriza ni kuvu inayoishi ndani ya mizizi. Hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele hadi mbali na mzizi, huleta fosforasi, zinki na maji, na mti huilipa sukari.

Mwembe, mchungwa, mparachichi, mpera na vichaka vingi vya maua hutumia mikoriza ya aina ya arbaskula. Msindano huhitaji ektomikoriza, aina nyingine kabisa. Mgrivelea na mmakademia hutegemea zaidi mizizi yao ya vishada, kwa hiyo usipoteze huko unga wa mikoriza unaouzwa dukani. Pakiti isiyotaja aina ya kuvu wala tarehe ya mwisho wa matumizi, iache dukani.

Wakati bora ni kitaluni, unapojaza viriba: kijiko cha chakula cha unga, sentimita 2 au 3 chini ya mbegu. Ukichelewa, tumia siku ya kupanda. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na utenge udongo wa juu na wa chini. Changanya wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, urudishe. Chana kiriba, legeza mizizi iliyojizungusha, lowesha bonge, kisha pakaza unga kwenye mizizi yenyewe kwa kipimo cha pakiti. Unga uliomwagwa juu ya ardhi hufa kwa jua kabla ya kukutana na mzizi. Mwagilia lita 10 hadi 20, weka matandazo, yasiguse shina.

Kinachoua kazi hii zaidi ni konzi ya mbolea ya DAP, yenye fosforasi nyingi, chini ya shimo. Mti ukipata fosforasi tele ya bure huacha kuilisha kuvu, nayo hudumaa. Mbolea hiyo pia huunguza mizizi michanga. Usimwagie shimoni dawa ya ukungu, hasa yenye kabendazimu. Na usilime chini ya mti kwa jembe kila palizi, maana unakata nyuzi zilezile ulizozinunua, fyeka tu. Mahali panapotuama maji karibu na ziwa, rekebisha kwanza mfereji: kuvu hii inahitaji hewa.

Unga wa dukani ni ghali, na kwa kitalu kikubwa tunashauri utengeneze wako. Mwezi wa saba chukua udongo wa juu wenye mizizi laini chini ya mti wa matunda mkongwe, wenye afya. Usiuchukue kwenye shamba la nyanya au bilinganya, utabeba minyoo fundo na mnyauko. Changanya na mchanga safi, jaza ndoo zilizotobolewa, panda mtama pamoja na kunde. Mchicha na kabichi havifai, havishirikiani na kuvu hii. Mwagilia kwa miezi 3 bila mbolea ya fosforasi, kisha acha siku 10 bila maji ili kuvu itengeneze mbegu zake. Kata majani, katakata mizizi pamoja na udongo, anika kivulini. Konzi moja kwa shimo, ikigusa mizizi, inatosha. Inayobaki iweke kwenye mfuko wa karatasi mahali pakavu, uimalize msimu huohuo wa vuli.