Kupiga nyimbo mfululizo kwa Python bila kukata taarabu ya watu

Napiga muziki kwenye harusi za Ngamiani, Tanga, kwa programu niliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya Python na pygame, maktaba yake ya michezo na sauti. Mji huu ndio uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Ukikatisha taarabu kabla ya kiitikio cha mwisho, kina mama waliokwenda kutunza watakufuata mezani, na wana haki.

Anza na majina ya faili. Kompyuta hupanga kwa herufi, hivyo 10 hutangulia 2. Andika 01, 02, 03.

Sasa penye kazi. Amri ya pygame ya kupiga wimbo, play(), haisubiri wimbo uishe. Inauanzisha na programu inasonga mbele. Ukizungusha orodha nzima kwa kitanzi cha for, kila wimbo utaufukuza uliotangulia, na utausikia wa mwisho tu. Wengi hapo huweka time.sleep, amri ya kulaza programu, kwa urefu wa wimbo. Ukumbini haifai: bibi harusi anaingia, MC anataka muziki usimame kidogo, na programu imelala, haisikii kitufe chochote.

Kuuliza kwa get_busy() kama wimbo bado unapigwa nako kuna mtego. Tangu pygame 2.0.1, wimbo uliositishwa kwa pause() hujibiwa False, kwa hiyo programu itadhani umeisha na kurukia mwingine. Mimi nasema wimbo wenyewe ndio utoe taarifa kwamba umekwisha:

```
import pathlib, pygame
pygame.init()
pygame.display.set_mode((300, 100))
muziki = pygame.mixer.music
UMEISHA = pygame.USEREVENT + 1
muziki.set_endevent(UMEISHA)
foleni = sorted(pathlib.Path("harusi").glob("*.ogg"))

def unaofuata():
    if foleni:
        muziki.load(str(foleni.pop(0)))
        muziki.play()

unaofuata()
wazi = True
while wazi:
    for tukio in pygame.event.get():
        if tukio.type == UMEISHA:
            unaofuata()
        elif tukio.type == pygame.QUIT:
            wazi = False
        elif tukio.type == pygame.KEYDOWN:
            if tukio.key == pygame.K_p:
                muziki.pause()
            elif tukio.key == pygame.K_r:
                muziki.unpause()
    pygame.time.wait(50)
```

Dirisha dogo lile usiliondoe, ndilo linalopokea vitufe: P kusitisha, R kuendelea. Pygame ina queue() pia, lakini hushika wimbo mmoja tu. Ukiongeza mwingine, uliokuwa unangoja unaondolewa. Kwa harusi ya usiku kucha, foleni yako mwenyewe ni bora, maana unaweza kuingiza ombi la mama mzaa chema katikati bila kuvuruga kinachopigwa.

Nimechagua faili za aina ya OGG kwa makusudi. MP3 huongezewa kimya kidogo mwanzoni na mwishoni inapotengenezwa, na taarabu iliyogawanywa faili mbili itasikika imekatika pale zinapoungana.

Ukiongeza kitufe cha kuzima, kumbuka stop() nayo hutuma taarifa ya UMEISHA, na wimbo mwingine utaanza. Ita kwanza muziki.set_endevent() bila kitu ndani, ndipo uzime.