Bega likikusumbua usiku

Ukinyanyua mkono pembeni bega likauma, hasa mkono unapokaribia usawa wa bega, halafu usiku ukililalia ndiyo balaa, mara nyingi shida iko kwenye kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mfupa, za ile misuli 4 inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono. Usilikande kwa nguvu. Wala usiufunge mkono kwa kitambaa wiki nzima, bega litakakamaa. Lalia ubavu wa pili huku umekumbatia mto. Mchana inama, mkono mzima ushike meza, ule unaouma uning'inie na kuyumba taratibu kwa dakika chache. Ila ukianguka na mkono ukagoma kunyanyuka, wahi hospitali: huenda kano imekatika, na dawa ya kuchua haiiungi.